Gari Lisilojua Basi

Mubaraka binti Alibhai alijua kuendesha gari kabla hajajua kupika wali ukachambuka. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu mumewe, Zoher, amewaambia watu kinyume chake kwa miaka mingi, na watu wamemwamini, maana mwenye duka husadikiwa hata anapoapa kwamba leso haitoki rangi. Mimi ni Tumu, mpinda leso, zile ambazo wengine huziita kanga. Cherehani yangu iko barazani mbele ya duka lao, hapa Biashara Street, na mtu akinunua doti ya leso ndani hutoka nje akanipa niikate na kuipinda. Wao wenyewe wanakaa ghorofa ya juu kabisa ya jumba hilohilo. Ya dukani nayaona, ya barabarani nayaona, na ya juu nayasikia, maana Zoher hajui kunong'ona.

Aliyemfunza Mubaraka kuendesha ni babake, marehemu Alibhai. Alikuwa na Peugeot kuukuu, gia zake ngumu kama mlango wa ghala, na asubuhi za Jumapili alimpeleka binti yake Lighthouse, kule kando ya bahari, watu wangali wamelala, akamwachia usukani. Mamake, Bi Zarina, alikaa kiti cha nyuma na tasbihi yake. Gari likizimika alisema "Bismillahi" kwa sauti, likawashwa tena. Siku Mubaraka alipopata leseni walikwenda palepale wakala mihogo ya kukaanga, wote watatu, na Bi Zarina akamwambia, "Babako akitangulia, wewe ndiwe utakayenileta hapa." Alibhai alicheka mpaka akapaliwa na pilipili. "Wanizika na muhogo mkononi!" akasema. Mubaraka akaahidi, na mambo yote nitakayoyasimulia yanatokana na ahadi hiyo.

Kisha akaolewa na Zoher. Harusi ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Lakini hina haijamtoka vidoleni, akaomba ufunguo wa gari aende kwa mamake, na Zoher akamwambia, "Kesho nitakupeleka mimi." Hiyo kesho ndiyo iliyokuwa ndoa yao.

Si kwamba alimkataza. Angemkataza wangegombana, na ugomvi una mwisho wake. Zoher ni mwingi wa hofu. Mara mikokoteni ni mingi, mara wenye tuktuk hawana akili, mara leo kuna mvua. Na akikosa jingine, alikuwa nalo lile la siku zote: "Kwenda mbele kila mtu aweza, Mubaraka. Kazi ni kupaki. Kupaki huwezi." Wanawake wa jamaa zao wanaendesha kila siku, wamevaa rida, yale mavazi yao ya stara yenye maua, nawaona wakipita mmoja mmoja, na hakuna gari lililopinduka. Haikuwa dini wala mila. Ilikuwa Zoher. Na yeye mwenyewe, akitaka kurudi nyuma, alijaa barabara nzima mpaka sisi wa barazani tuinuke tumwongoze.

Kumwongoza mtu anayerudi nyuma ni elimu ya mji huu, na kila mtu anayo. Unasimama mahali atakapokuona kiooni, unamwita kwa mkono, "Ndoo, ndoo, ndoo," na mgeni wa bara asidhani tunaomba ndoo ya maji. Ndoo yetu ni njoo. Unamwambia akate, unamwambia anyoshe. Likifika penyewe unasema "Basi!" na unalipiga gari kofi moja ubavuni. Hapo hakuna mjadala. Dereva wa lori la saruji, tajiri wa Nyali, mlevi, yeyote yule, akisikia basi mguu unakwenda kwenye breki kabla hajauliza ni nani aliyesema. Mimi nimewasimamisha watu ambao hawangenijibu hata salamu.

Alibhai alipofariki, Bi Zarina alihamia Kizingo kwa mwanawe Rizwan, katika nyumba kubwa yenye miti na ukuta, mtaa ambao watu wake huenda hata dukani kwa gari. Rizwan alikuwa na gari, lakini lilikuwa pamoja na Rizwan, na Rizwan alikuwa Nairobi. Bi Zarina aliachwa na Janet, mlezi wake, mwanamke mpole ambaye hakuwa na kosa lolote ila hakuwa binti yake. Mubaraka alipanda tuktuk akaenda kumwona kila alipopata nafasi. Kumtoa ndiko hakuweza. Nyonga ya Bi Zarina ilikuwa mbovu, na tuktuk inataka mtu wa kuruka. Akaanza na kusahau. Alimwita Janet kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, alitafuta miwani aliyoivaa. Lakini Mubaraka alimjua, na kila mara alimuuliza swali moja: "Wanipeleka lini Lighthouse?"

"Kesho, Mama," Mubaraka alimjibu. Neno la mumewe lilikuwa lishamwingia mdomoni.

Basi likaja hilo gari.

Binti yao Tahseen, aliyeolewa Dubai, alimpigia babake simu akamwambia huko wameanza teksi zisizo na dereva, na kwamba amepanda moja, akafika salama. Zoher hakulala. Akazunguka yadi za magari mpaka akapata moja lililotoka Japani, jeupe, ambalo halijiendeshi lenyewe mjini lakini linajipaki. Unabonyeza kidude, unaondoa mikono, usukani unazunguka wenyewe kama umeshikwa na mtu asiyeonekana. Na kama magari yote yanayotoka huko, ndani mna sauti ya mwanamke anayezungumza Kijapani. Mombasa nzima tumemzoea mwanamke huyo na hakuna ajuaye asemalo.

Siku ya kwanza alipolipaki mbele ya duka, mikono juu kama aliyeambiwa asalimu amri, barabara ilisimama. Mama mmoja aliyekuja kununua leso ya arusi akasema limekaliwa na jini, akaondoka bila kununua. Wengine waliogopa kusimama nyuma yake. Lakini hofu haikudumu. Kila jioni alilitoa, akazunguka, akarudi, likajipaki, na watu wakawa wanangoja na simu zao wapige picha. Watu wasiokubali kumkopesha ndugu yao baiskeli waliliacha gari hilo lirudi nyuma karibu na watoto wao. Kipya kinyemi kingawa kidonda.

Aidarus, muuza udi wa duka la pili, mtu wa maneno, alimwambia, "Zoherbhai, umeoa mke wa pili, tena Mjapani. Na huyu wamwamini kuliko yule wa kwanza."

Watu wakacheka. Mubaraka alikuwa mlangoni akitundika leso mpya, jina lake "Mwamini Mungu si mtovu." Akacheka na yeye. Aidarus akaisoma leso, akauliza, "Na mwamini gari je?" Zoher akasema mwamini gari hakwaruzi bampa, na vicheko vikaendelea. Mimi sikucheka. Nilikuwa naitazama mikono ya Mubaraka, jinsi ilivyokuwa ikiinyosha leso ambayo ilikuwa imenyoka tayari.

Siku ileile alimwendea mumewe. Hoja yake ilikuwa safi, hakimu yeyote angeipokea. "Baba Tahseen," akamwambia, "umeniambia siku zote kwamba kuendesha naweza, kupaki ndiko siwezi. Sasa gari lapaki lenyewe. Nipe ufunguo nimpeleke mama."

Zoher akafikiri, kisha akasema, "Gari la kisasa hili. Lataka mtu wa kulielewa."

Mubaraka alinisimulia hayo barazani kwangu huku akicheka, na akacheka mpaka akatoa leso ya mkono akajifuta macho. Nilimwambia amchukulie ufunguo akiwa msikitini, arudi kabla hajatoka. Akasema, "Sitaki kuiba, Tumu. Nataka aniamini." Nilimwona mjinga. Hata leo sijui kama nilikosea.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hatimaye Zoher alikubali kwenda Kizingo pamoja naye, wamchukue Bi Zarina, wampeleke Lighthouse. Yeye Zoher ndiye angeendesha. Mubaraka alikubali hivyo hivyo. Ahadi iliyochakaa ni bora kuliko ahadi iliyokufa. Asubuhi ile alipika malida, chakula alichokipenda mamake, akavaa rida mpya ya kijani, akashuka na kikapu. Simu ya Janet ilikuja mbele yangu: Bi Zarina amevaa, amekaa mlangoni, anauliza gari liko wapi.

Zoher alikuwa nje tayari, na watu wake. Aidarus alikuwa amemchokoza. "Mahali papana hata punda ajipaki," alisema. "Mwambie Mjapani wako ajipaki hapa, baina ya nguzo na mkokoteni. Akiweza, nakufukiza udi bure mwaka mzima."

"Baba Tahseen, mama angoja," Mubaraka akasema.

"Dakika moja."

Akaingia garini, akasogea mbele, akabonyeza. Akatoa kichwa dirishani na mikono yote miwili juu, kwa ajili ya waliokuwa wakipiga picha. Gari likaanza kurudi. Mubaraka aliweka kikapu juu ya meza yangu, na akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa hapa angefanya bila kufikiri. Alisimama karibu na kipembe cha nyuma, upande wa baraza, akaanza kumwongoza. "Ndoo. Ndoo. Ndoo." Gari likakata kuingia ndani. Likakata zaidi ya nafasi iliyokuwapo. "Basi," akasema. Kisha kwa sauti, "Basi! Basi!" na akalipiga gari kofi.

Zoher alisikia. Naapa alisikia, kwa sababu alijibu. Alisema, "Liache! Lajua lenyewe!"

Nikapiga kelele mimi, akapiga kelele Aidarus, barabara nzima ikawa basi, basi, na mwanamke wa Kijapani akawa anaendelea na maneno yake kwa upole. Gari lilitazama nyuma yake, huko kulikuwa salama. Ubavuni halikutazama. Tairi likaukuta mguu wa kushoto wa Mubaraka kwenye kidato cha baraza, likaupanda, likagota kwenye jiwe, likasimama. Likalia mlio wake wa kuonyesha kwamba kazi imekwisha.

Tulilisukuma gari kwa mikono. Zoher alitoka, uso umempauka, akamwangalia mkewe aliyekaa chini ameshika mguu. Maneno yake ya kwanza niliyasikia kwa masikio yangu haya. Alisema, "Ulisimama wapi?"

Mifupa ya mguu ilivunjika si mahali pamoja. Hospitali walimfunga plasta mpaka chini ya goti, wakamwambia asiukanyagie. Kikapu cha malida kilibaki juu ya meza yangu mpaka jioni, na nikampigia simu Janet mimi, nikamwambia amtoe Bi Zarina mlangoni.

Mkidhani watu waliliogopa gari baada ya hapo, hamuijui Mombasa, na pengine hamuijui dunia. Fundi alikuja kutoka yadi walikolinunua, na kompyuta yake na waya, akaketi ndani, akatoka, akasema gari halina kosa. Hayo tu. Zoher akayashika kama mtu aliyefutiwa kesi. "Gari halina kosa," alimwambia kila mteja, hata yule aliyekuja kuulizia vitambaa vya pazia. Na mteja alitikisa kichwa akasema masikini, kwani alisimama wapi? Hata Aidarus, aliyepiga kelele pamoja nami, wiki haijapita nikamsikia akisema, "Mashine haikosei, sheikh. Akoseaye ni binadamu." Nikamuuliza binadamu yupi. Akaingia dukani kwake akatafuta cha kufuta vumbi.

Nilipanda kwenda kumwona Mubaraka. Ngazi za jumba hilo ni za zamani, za kuchosha, na mwenye plasta akishafikishwa juu hashuki. Alikuwa amelala mguu ukiwa juu ya mto. Dirisha lilikuwa wazi, na kutoka chini ilisikika sauti ya Zoher: halina kosa, halina kosa.

"Wamsikia?" nikamuuliza, nimejaa hasira mimi, kama kwamba mguu ni wangu.

"Namsikia. Naye yuwasema kweli," akajibu. "Gari halina kosa, Tumu. Gari halijui basi. Halikuzaliwa hapa." Akaligeukia dirisha. "Yeye amezaliwa hapa."

Zoher alimwuguza, nisimdhulumu. Dawa alinunua, supu alileta, usiku alimshika mkono akaenda msalani. Lakini jambo moja Mubaraka alilomwomba halikuwa la duka la dawa. Alimwomba amchukue Bi Zarina kwa gari, ampitishe hapa chini polepole, yeye akae dirishani wapungiane mikono. Mwendo wa kutoka Kizingo si safari. Zoher akasema, "Kesho." Mara ya pili akasema mama mzee atachoka na joto. Nadhani aliona haya kukaa na mkwewe garini akaulizwa, "Binti yangu yuko wapi?" Haya yake ilikuwa na bei, na aliyeilipa hakuwa yeye.

Kwa hivyo walizungumza kwa simu. Mwanzo Bi Zarina alikuwa akiuliza, "Waja lini?" Mubaraka akamweleza habari ya mguu, na kesho yake akamweleza upya, na kesho kutwa upya. Kisha maswali yakapungua. Kisha siku moja nilikuwapo, simu iko juu ya kitanda sauti imefunguliwa, na Bi Zarina akasema kwa adabu kubwa, kama anavyosema mtu na mgeni, "Nani mwenzangu?"

"Mimi Mubaraka, Mama."

"Ahaa. Mubaraka hayupo, mama. Akija nitamwambia umepiga."

Janet aliichukua simu akasema pole, leo amechoka. Baada ya hapo kila siku ikawa leo amechoka. Mubaraka hakulia mbele yangu. Alinirudishia leso niliyokuwa nimempa aipindepinde apitishe wakati, akasema uzi umekwisha. Uzi haukuwa umekwisha.

Plasta ilifunguliwa, akapewa mkongojo. Siku aliyoshuka mara ya kwanza, akishika ukuta kidato kwa kidato, duka lilikuwa na wateja, akina mama wa Malindi waliokuja kununua za jumla. Zoher alikuwa akiwafungulia leso moja baada ya nyingine juu ya kaunta. Mubaraka akasimama mbele yake, akanyosha mkono.

"Ufunguo."

Zoher akawatazama wateja, akatabasamu. "Mubaraka, mguu huo utaendeshaje?"

"Ni wa kushoto, Baba Tahseen. Gari hili halina klachi. Mguu wa kushoto ni abiria."

Mmoja wa wale wamama akaguna. Zoher akakunja leso, akaikunjua. "Basi ngoja nimalize na hawa, halafu kesho asubuhi mimi mwenyewe..."

"Basi," Mubaraka akasema.

Hakupaza sauti. Lakini lilikuwa lile neno la siku ile, kwa sauti ileile, na mimi niliyekuwa mlangoni nililitambua. Mkono wa Zoher ukasimama juu ya kitambaa. Safari hii alisimama. Akauingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka juu ya kaunta, si katika kiganja cha mkewe. Mubaraka akauokota. "Tumu," akaniita, "acha cherehani, twende."

Gari lilipowaka, mwanamke wa Kijapani akaanza. Mubaraka akatafuta kwenye kile kioo cha skrini kilicho kando ya usukani mpaka akamzima. Alikaa kidogo, mikono juu ya usukani, midomo ikitembea. Nadhani alisema Bismillahi. Kisha akatoka. Mwanzo alifinya breki kwa ghafla, nikaenda na uso mpaka kiti cha mbele. Tuktuk moja ilitupigia honi, na Mubaraka akairudishia honi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameiweka tangu siku ya harusi. Tulipofika Treasury Square mikono yake ilikuwa imekumbuka kila kitu. Alikata kona kama anayekata kitambaa. Nami niliyezoea kumwogopa kila dereva wa mji huu, nilikaa nyuma nimestarehe, nikamlaani Zoher kimyakimya kwa kila kona nzuri.

Janet alimtoa Bi Zarina amemshika bega, amevaa rida nyeupe, amepungua. Akamkalisha kiti cha mbele. Bi Zarina akamtazama Mubaraka, akatabasamu tabasamu zuri kabisa, akasema, "Hujambo, dereva?"

Mubaraka alimvutia mkanda, akamfunga. "Sijambo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wajua ndia ya Lighthouse?"

"Naijua."

Pale Lighthouse palijaa magari, na nafasi ilikuwa moja, nyembamba, baina ya mengine mawili. Kile kioo kikawaka, kikajitolea kupaki. Mubaraka akakizima. Nikashuka, nikasimama nyuma mahali atakaponiona. "Ndoo. Ndoo. Kata. Nyosha. Ndoo." Gari likaingia taratibu, sawasawa, na niliposema basi likasimama papo hapo, neno halijanitoka lote.

Tulinunua mihogo yenye ndimu na pilipili. Mubaraka aliikata vipande vidogo akampa mamake kimoja kimoja, mlango wazi, upepo ukiwapiga wote wawili. Bi Zarina alikula kwa raha. Aliangalia bahari, akaangalia usukani.

"Waendesha vizuri, dereva. Umefunzwa na nani?"

"Na babangu."

"Rehema zimshukie kama amekufa. Mwanangu naye alifunzwa na babake, hapahapa. Mubaraka. Aliniahidi atanileta." Akatafuna kidogo. "Hajaja."

Mubaraka alikuwa ameshika kipande cha muhogo hewani. "Pengine kuna jambo limemzuia, Mama."

"Hapana. Amenisahau," akasema Bi Zarina, bila hasira, kama anayesema habari ya mvua. "Watu husahau."

Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, mahali alipokaa Bi Zarina zamani na tasbihi yake, na sikuwa na pa kutazama. Tulipomrudisha Kizingo na Janet akafungua mlango, Bi Zarina alimshika Mubaraka mkono akakataa kuuachilia. "Siku nyingine njoo wewe," akamwambia. "Wasinipe dereva mwingine. Wewe nakuamini."

"Nitakuja, Mama."

Njiani kurudi aliendesha machozi yakimshuka mpaka kidevuni, hakuyafuta, na hakukosea popote. Biashara Street ilikuwa imejaa kama kawaida. Nafasi iliyobaki ilikuwa ileile, baina ya nguzo na mkokoteni. Sikupata hata wakati wa kushuka kumwongoza. Aliangalia kioo cha pembeni, akarudi nyuma mara moja, akaliweka gari ubavuni mwa baraza, tairi karibu na kile kidato bila kukigusa.

Zoher alitoka dukani mbio. Alilizunguka gari lote, akainama mbele, akainama nyuma, akapitisha kidole kwenye bampa akitafuta mkwaruzo. Habari za mkwewe hakuuliza. Mubaraka alishuka na mkongojo wake, akaweka ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, akampita, akaanza kupanda ngazi.

Zoher akasimama wima, akarudi hatua kidogo apate kuliona vizuri, na uso wake ukajaa furaha. Akamgeukia Aidarus.

"Mashaallah," akasema. "Waona lilivyojipaki?"